Zamani ya Nani? Mjadala wa Gitaa Moja Mwanza

Kwaya ina fedha za gitaa moja la umeme. Lililopo limeshachoka: shingo imepinda, swichi inakohoa, na funguo mbili za kichwani hazishiki tena. Anayetafuta jipya leo, awe Dar es Salaam, Nairobi au kwenye simu yake tu, anakuta magitaa mengi yanajinadi kwa uzee. Yametoka kiwandani juzi, lakini yameundwa yafanane na ya miaka ya 1950 na 1960 hadi kwenye skrubu. Zamani tulibishana kama tununue jipya au la mtumba. Siku hizi tunabishana jipya lenye uzee upi.

Wasemaji wanne wanaofuata nimewabuni. Hoja zao ni za yeyote aliyewahi kupiga, kutengeneza au kulipia gitaa kandokando ya ziwa hili. Yupo Mzee, aliyepiga solo kwenye bendi za dansi za Kanda ya Ziwa. Yupo Kijana, ambaye Jumapili yuko kanisani na Jumamosi yuko kwenye kumbi za harusi. Yupo Fundi wa redio na spika kutoka Makoroboi, na Mama Mweka Hazina, ambaye hapigi ala yoyote ila funguo za kasha anazo yeye. Mimi nimejipa kazi ya kuwakatiza.

Mezani kuna magitaa matatu. La kwanza ni Squier Classic Vibe, umbo la Telecaster ya miaka ya 1950. Mfululizo huo ulianza 2008, ukitengenezwa China na baadaye Indonesia. La pili ni Fender Vintera, Telecaster pia, la Mexico, ghali zaidi na linaloukaribia zaidi ule uzee. La tatu ni Epiphone Les Paul Standard 50s, la China, mtoto halali wa Gibson.

KIJANA: Mimi naomba nisizunguke. Tuchukue Les Paul. Ina pikapu za koili mbili mbili, haivumi. Pale kanisani ukichomeka gitaa la koili moja kwenye mixa linavuma kuanzia maombi ya kufungua mpaka sadaka.

MZEE: Mwanangu, hilo dude lina kilo kama nne. Utalibeba begani usiku kucha? Sisi tulikuwa tunapanda jukwaani watoto hawajalala na tunashuka daladala zimeanza.

KIJANA: Shikamoo Mzee, lakini ibada ni ya saa mbili tu.

MZEE: Marahaba. Na mkesha je? Haya, uzito tuuache. Sauti yake ni nene, inakaa katikati, pale pale anapokaa mwimbaji. Huku kwetu solo haikai na mwimbaji. Inapita juu yake, nyembamba, kali, kila nota imesimama peke yake. Daniel Owino Misiani alizaliwa Shirati mwaka 1940, upande huu huu wa Tanzania, akavuka kwenda Kenya, na bendi yake akaipa jina la kwao: Shirati Jazz. Sikiliza lile gitaa la benga. Vidole viko mbali huko juu ya shingo, nota zinafukuzana. Ni nyatiti ya Wajaluo, nyuzi zake nane, imeingia kwenye umeme. Ukiipiga benga kwa Les Paul, pikapu ya shingoni, ni kama mtu anaongea na mto umemziba mdomo.

KIJANA: Kwaya yetu haipigi benga.

MZEE: Na lile sebene mnalomalizia, waimbaji wakishaanza kucheza na akina mama wakitoka kwenye viti, mmelitoa wapi? Lilivuka kutoka Kongo, likapita kwenye kumbi zetu za dansi ndipo likafika madhabahuni kwenu. Msilione lina kanzu mkadhani lilizaliwa kanisani.

Hapa Mzee yuko sahihi, ila ushahidi wake unaelemea upande mmoja. Les Paul ina pikapu ya nyuma pia, na mpigaji anayejua kuipunguza sauti kidogo kwenye kitufe anaweza kuipata ile ncha kali. Ila lazima ajue. Telecaster humpa ncha hiyo hata asiyejua, na wakati mwingine humpa nyingi kupita haja.

FUNDI: Mimi naomba tuanze na mtu aliyelitengeneza hilo umbo la kwanza. Leo Fender alikuwa fundi redio. Duka lake la kutengeneza redio alilifungua Fullerton, California, mwaka 1938, na gitaa lenyewe alikuwa hajui kulipiga. Ndiyo maana gitaa lake limekaa kama redio: ukitaka kulifungua, unalifungua. Shingo imeshikwa na skrubu nne. Ikivunjika unatoa, unafunga nyingine, jioni unapiga. Gibson wao walitoka kwenye ufundi wa mandolini na magitaa ya kuchonga. Shingo wameigandisha kwa gundi na kichwa wamekilaza nyuma. Sasa lipakie hilo kwenye meli ya Nansio likiwa kwenye mfuko wa kitambaa, mtu aweke gunia la dagaa juu yake. Likidondoka chali, kichwa kinakatika pale pale chini ya funguo. Kuliunga kunawezekana, gundi nzuri ipo, lakini hiyo ni kazi ya siku nyingi na si ya kila fundi.

MAMA MWEKA HAZINA: Kwa hiyo lile la tatu tumelitoa?

KIJANA: Bado, mayu! Hatujaongelea kuvuma.

FUNDI: Tuongelee. Koili moja ni kama antena, inanasa umeme wa taa, wa feni, wa jenereta. Mwaka 1955 Seth Lover wa Gibson aliomba hataza ya pikapu yenye koili mbili zinazopingana: uvumi wa moja unaufuta wa nyingine, sauti ya uzi inabaki. Kuanzia 1957 zikawekwa kwenye Les Paul. Kazi nzuri, siipingi. Lakini nikuulize, kwenye ile mixa yenu, mwimbaji akigusa maikrofoni kwa mdomo huku wewe umeshika nyuzi, hakuna anayerushwa?

KIJANA: Anarushwa. Tumezoea.

FUNDI: Mmezoea kitu gani? Hilo ni jengo halina ethi inayoeleweka, au amplifaya yako imechomekwa njia moja na mixa njia nyingine. Gitaa la koili moja linakupigia kelele ukasikie. Ukinunua lisilovuma utakuwa umemnyamazisha mlinzi, na mwizi bado yumo ndani. Chimbieni fimbo ya ethi, kila kitu kitoke kwenye laini moja, kisha mniletee gitaa nilivike karatasi ya shaba ndani ya tumbo lake. Uvumi utabaki kidogo, si wa kukatisha mahubiri.

Katika mjadala wote hakuna hoja iliyonishika kama hii, na haihusu gitaa hata kidogo. Watu wanaopima pikapu kwa siku nzima wanaweza kusimama miguu mitupu juu ya sakafu yenye unyevu, mkononi wameshika chuma kilichounganishwa na umeme usio na njia ya kutokea. Kama fedha ya kwaya haitoshi gitaa na ethi, basi waanze na ethi.

KIJANA: Sawa, Telecaster. Lakini basi tuchukue la kweli. Vintera. Kama tunanunua uzee, tununue uzee kamili.

MZEE: Hapo umesema.

FUNDI: Hapo mmekosea wote wawili, kila mtu na kosa lake.

Kosa la kwanza liko kwenye ubao wa shingo, pale vidole vinapokanyaga. Si tambarare, una mgongo. Mgongo huo ukiuendeleza uzunguke uwe duara kamili, kwenye magitaa ya Fender ya zamani nusu kipenyo cha duara hilo ni milimita 184, na Vintera imefuata kipimo hicho. Classic Vibe imejifanya mzee kwa sura, ila hapo imeingiza ujana: milimita 241, mgongo umelala. Les Paul imelala zaidi, kama milimita 305. Mgongo ulioinuka unakaa vizuri kiganjani kwa mpiga rizimu anayeshika nyuzi zote sita usiku mzima. Lakini ukiusukuma uzi pembeni kule juu ili nota ipande, uzi unakutana na kilima cha freti zinazofuata, na nota inakatika. Dawa yake ya zamani ni kuinua nyuzi zote, na hapo vidole vinaanza kulipa.

KIJANA: Mimi nasukuma nyuzi sana. Nyimbo za kuabudu zinataka ile nota inayolia.

MZEE: Sisi hatusukumi. Solo ya dansi inateleza, inaruka, inagonga nyuzi mbili pamoja. Kulia analia mwimbaji.

Kumbe mgongo ambao wapiga bluzi wa Marekani wanaulalamikia, kwa mpigaji wa mkono wa Mzee si kasoro hata kidogo. Kipimo kile kile ni kizuri au kibaya kutegemea wimbo. Hili sijaliona kwenye maelezo ya muuzaji yeyote, kwa sababu muuzaji hamfikirii mtu anayegonga nyuzi mbili kule juu ya freti ya kumi na mbili huku tumba inamkimbiza.

FUNDI: Msishangilie. Kosa lako Mzee liko kwenye daraja. Telecaster ya kizamani ina vidaraja vitatu vya shaba kwa nyuzi sita. Kila kidaraja kinabeba nyuzi mbili. Urefu sahihi wa uzi mnene si urefu sahihi wa jirani yake. Kwa hiyo ukisawazisha mmoja, mwenzake anakuwa juu kidogo au chini kidogo. Chini ya shingo husikii. Ukipanda juu ndipo unasikia, na ukigonga mbili pamoja, kama unavyogonga wewe, unasikia zaidi.

MZEE: Mbona rekodi za zamani hazikusikika hivyo?

FUNDI: Zilisikika, Mzee wangu. Sikio lako limezipenda mpaka limezisamehe. Lakini kinanda cha kwaya hakisamehi, kile kimetyuniwa na kompyuta. Dawa ipo: vidaraja vile vile vitatu vya shaba ila vimekatwa mshazari, na bei yake si ya kutisha. Hiyo naiweka kwenye bajeti, kwa sababu Classic Vibe na Vintera zote wanaziuza na vitatu.

MAMA MWEKA HAZINA: Andika. Kuna kosa jingine?

FUNDI: Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma ya kuinyoosha. Mbao zinakunywa na kukauka. Mvua zikianza Oktoba mpaka Mei shingo inafanya vyake, ikija kiangazi cha Juni inafanya vingine, na kwetu hapa upepo wa ziwa haulali. Kwenye Classic Vibe unaingiza ufunguo kichwani, unazungusha robo, unapiga, unasikiliza. Kwa utaratibu wa kizamani nati ya fimbo iko mwisho wa shingo, imezikwa ndani ya mwili. Unalegeza nyuzi, unalegeza skrubu nne, unainua shingo, unazungusha kwa kubahatisha, unarudisha, unatyuni, unagundua umezidisha, unaanza upya. Mara mbili kila mwaka, kwa miaka kumi. Leo Fender mwenyewe angekuwa hai angeniunga mkono. Alipopata njia rahisi hakuwa mtu wa kung'ang'ania ngumu.

KIJANA: Na rangi? Vanishi ya zamani, ile ya nitro, inapumua. Wanasema mbao zinalia vizuri zaidi.

FUNDI: Inapumua, inapasuka, na inaungua ukiiegesha kwenye stendi yenye mpira. Kuna watu wanalipia hata mikwaruzo: tangu 1995 karakana maalumu ya Fender inauza magitaa mapya yaliyokwaruzwa na kutiwa kutu makusudi, na bei ni kubwa kuliko yasiyokwaruzwa. Mniletee mimi hapa Makoroboi. Nitaligonga bure.

Aliyekuwa kimya muda mrefu aliinua daftari.

MAMA MWEKA HAZINA: Mimi nina swali la mtu asiyepiga. Mnasema zamani, zamani. Hiyo zamani ni ya nani? Mwaka 1952 huko Marekani sisi tulikuwa wapi?

Swali hilo lilistahili kuulizwa mwanzo. Uzee huu unaouzwa una historia yake, na ni ya kibiashara. Fender ilinunuliwa na CBS mwaka 1965 kwa dola milioni 13, na wapigaji wakaanza kulalamika kwamba ubora umeshuka. Wajapani wakanakili mifano ya zamani vizuri kiasi cha kuitia kampuni aibu. Mwaka 1982 Fender ikajibu kwa kujinakili yenyewe: matoleo ya 1952, 1957 na 1962 yakarudi sokoni, na jina la Squier likabandikwa kwenye magitaa yaliyotengenezwa Japani. Les Paul ina kichekesho chake. Ile ya rangi ya machweo ya 1958 hadi 1960, ambayo leo moja ya asili inauzwa kwa mamia ya maelfu ya dola, wakati wake haikuuzika. Gibson iliiacha, na mwaka 1961 ikaleta umbo jingine lenye pembe mbili. Kinachonakiliwa leo kwa heshima kubwa kilishawahi kukataliwa dukani.

MZEE: Nikujibu, Mama. Sisi zamani yetu haikuwa na jina la gitaa, kwa sababu gitaa halikuwa letu. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park walipoanza 1978, vyombo vilikuwa vya TTTS, shirika la usafiri na teksi; 1983 wakahamia DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mwanamuziki akihama bendi anaondoka na vidole vyake tu. Unakuta gitaa kwenye bendi mpya, unalijua usiku huo huo mbele ya watu. Nani aliuliza mgongo wa ubao ni milimita ngapi?

KIJANA: Lakini Mzee, sauti ile ya Mbaraka Mwinshehe, ya Morogoro Jazz, si tunaitafuta sisi sote?

FUNDI: Mnaitafuta ndani ya mbao, na haimo ndani ya mbao peke yake. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima imesimama chumba kimoja, na santuri zilichapwa Kenya. Halafu wimbo ukarushwa, ukavuka nchi nzima, ukaingia kwenye redio ya betri ya baba yako yenye spika ya ukubwa wa sahani. Hiyo ndiyo sauti uliyoipenda. Nusu yake ni maikrofoni ya RTD, robo ni mawimbi, na iliyobaki ndiyo Mbaraka na vidole vyake.

MZEE: Vidole umevipunja.

FUNDI: Nimevipunja, nisamehe. Lakini umenielewa.

Nami nilimwelewa, ingawa simfuati mpaka mwisho. Gitaa lina neno lake. Pikapu ya koili moja iliyokaa karibu na daraja, juu ya bamba la chuma, hutoa ule mlio mkavu ambao Les Paul huufikia kwa taabu, na mlio huo kweli unaelewana na muziki wa ziwa. Sehemu hiyo ya uzee inafaa kununuliwa. Vidaraja vitatu, nati iliyozikwa na vanishi inayopasuka ni sehemu ambazo watengenezaji wenyewe walizirekebisha miaka ileile ya ujana wao au punde baadaye. Anayezilipia tena ananunua kumbukumbu ya watu wengine, tena kwa dola.

Kijana alitaka kujua pia kuhusu mti wa ubao, kwamba magitaa ya bei ya chini hayana tena ule mti wa asili wenye rangi ya kahawia iliyoiva, rosewood. Januari 2017 jamii yote ya mti huo iliingizwa kwenye udhibiti wa biashara ya kimataifa, na ndugu yake ni mpingo wetu. Viwanda vikakimbilia miti mingine, na hata baada ya ala zilizokamilika kusamehewa Novemba 2019 vingi havikurudi. Telecaster ya mtindo wa 1950 haina ugomvi huo, ubao wake ni wa mti ule ule mweupe wa shingo. Mpingo unatoka Kilwa na Lindi kwenda kuwa klarineti za Ulaya, na sisi tunasubiri gitaa kutoka Indonesia. Hilo ni suala la makala nyingine.

MAMA MWEKA HAZINA: Tumalize. Nimeandika: Classic Vibe, Telecaster. Vidaraja vya mshazari. Karatasi ya shaba. Fimbo ya ethi na waya wake. Mkoba mgumu, si mfuko. Nyuzi seti sita, maana zikiisha mpaka basi litoke Dar. Jumla bado iko chini ya Vintera peke yake. Kuna anayepinga?

KIJANA: Napinga kidogo. Mimi bado naitaka Les Paul.

MAMA MWEKA HAZINA: Ukiipata yako utakuja nayo, hatutakufukuza. Hili ni la kwaya, linaingia kwenye daftari la mali za kwaya na linalala kwenye kabati la kanisa.

MZEE: Unaona sasa? NUTA Jazz imerudi.

KIJANA: Sasa nitafanyaje mazoezi? Na Jumamosi? Nina harusi Pasiansi, nyingine Nyegezi. Kama gitaa linalala kabatini wiki nzima, vidole vyangu vitalijua lini?

MZEE: Mpeni mtoto gitaa, Mama. Mkono usiolala na gitaa haulizoei.

MAMA MWEKA HAZINA: Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa akae nalo nyumbani, asaini. Jumamosi akienda nalo harusini, fungu la harusi linunue nyuzi.

KIJANA: Fungu lote?

MAMA MWEKA HAZINA: Seti moja kwa kila harusi. Na Fundi alikague kila mvua zikianza.

FUNDI: Nitalikagua. Ila siku likifika msilipe kabla sijalegeza zile skrubu nne nikaona shingo imekaaje mfukoni mwake. Mkishalipa hakuna muuzaji anayepokea simu.